AFYA NYUMBANI: Mdomo uliokataa kufunga, na mdomo uliokataa kufunguka



Wale waliokuwa kwenye mkutano wa muso wetu juma lililopita wanajua tayari tutazungumza nini leo. Wale ambao hawakufika tutawasimulia, kwa ruhusa ya mwenzetu mwenyewe. Jina lake tunalihifadhi.

Tulikuwa tunahesabu akiba. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wamechoka. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, akapiga mwayo mkubwa. Mwayo ukaisha, lakini mdomo haukufunga. Akabaki hivyo hivyo, kidevu kimetoka mbele, mate yanatiririka, macho yamemtoka. Sauti iliyotoka ilikuwa "aaa, aaa" tu. Mwanzoni tulicheka, tukidhani anatania. Tulipoona machozi, kicheko kikakatika.

Kilichofuata hakitusifu. Mmoja alisema amelishwa sumu. Mwingine alisema ni wivu wa watu, kwa sababu siku ile zamu ya kupokea mkopo ilikuwa yake. Wa tatu alitaka kumpiga kofi shavuni, eti taya litarudi. Wa nne alifungua kikwembe chake ili amfunge kidevu kwa nguvu. Tulipoteza zaidi ya saa nzima kwa kubishana na kuomba. Ni reko wa mtaa wetu aliyepita akamtazama, akasema: "Wamama, taya limetoka mahali pake tu. Mpandisheni kwenye moto, twende kituo cha afya."

Kule muuguzi alimkalisha kwenye kiti cha chini, akazungushia vidole vyake gumba kitambaa, akaviweka ndani ya mdomo juu ya magego ya chini, akasukuma polepole kuelekea chini, kisha nyuma. Tukasikia "ko!" Mdomo ukafunga. Neno la kwanza la mwenzetu lilikuwa "Mungu asifiwe." La pili: "Ni nani alitaka kunipiga kofi?"

Tumecheka tena, lakini safari hii pamoja naye. Habari ingeishia hapo kama siku mbili baadaye mama mwingine hangekuja kutuona. Alisema: "Mimi wangu si wa kukataa kufunga. Mtoto wangu, mdomo wake unakataa kufunguka." Habari ya mtoto huyo tutaifikia, kwa maana ndiyo iliyotufanya tuandike ukurasa huu. Kwanza tujue taya linavyofanya kazi.

Weka vidole vyako mbele ya masikio

Ukiwa umeketi hapo unaposoma, weka kidole kimoja mbele ya kila sikio, pale pembeni ya shavu. Sasa fungua mdomo na ufunge, polepole. Unasikia kitu kinatembea chini ya vidole? Hicho ndicho kichwa cha taya, na hapo ndipo kiungo cha taya kilipo. Tunavyo viwili, kulia na kushoto, na vyote viwili vinashikilia mfupa mmoja wa taya la chini. Ndiyo sababu kimoja hakiwezi kutembea bila kingine. Kimoja kikiumia, mwenzake naye anateseka.

Kichwa hicho cha mfupa kinakaa ndani ya kishimo kilicho kwenye mfupa wa kichwa. Kati ya mfupa na mfupa kuna kipande cha gegedu, yaani kitu kigumu kidogo chenye kunepa, kama kile kinachofanya sikio lipinde bila kuvunjika. Kazi yake ni kama ile ya ngata tunayoweka kichwani tukibeba mzigo: inazuia kitu kigumu kisikwaruze kitu kigumu.

Ukifungua mdomo kidogo, kama kwa kusema, kichwa cha taya kinazunguka mahali pake kama bawaba ya mlango. Ukifungua sana, kama kwa kuuma muhindi wa kuchoma, kinafanya kitu ambacho bawaba haiwezi: kinateleza mbele na kushuka juu ya kilima kidogo cha mfupa, pamoja na kile kipande cha gegedu. Ukifunga, kinarudi nyuma kwenye kishimo. Safari hiyo ya kwenda na kurudi tunaifanya kutwa nzima, tukila, tukisema, tukiimba, tukipiga miayo.

Kinachovuta taya ni misuli. Uma meno kwa nguvu na uguse mashavu yako: utasikia msuli unavimba. Gusa na kando ya paji la uso: kuna mwingine. Ni misuli yenye nguvu sana, na kama misuli ya mgongo ya mama aliyelima siku nzima, nayo huchoka na kuuma.

Taya linalolia na taya linalouma

Wengine kati yetu, wakitafuna, taya linalia "ta, ta" karibu na sikio. Mara nyingi ni kile kipande cha gegedu kimeteleza kidogo na kinarudi mahali pake. Kama hakuna maumivu na mdomo unafunguka vizuri, usijitese. Ni jambo la kawaida kwa watu wengi na halihitaji dawa.

Maumivu ni habari nyingine. Wanawake tunaumwa na kiungo hiki kuliko wanaume, hasa katika miaka ile ya kuzaa na kulea. Maumivu yanakaa mbele ya sikio, yanapanda kichwani au kushuka shingoni. Asubuhi taya limechoka kana kwamba ulitafuna usiku kucha, na huenda kweli ulitafuna: wako wengi wanaokaza na kusaga meno usingizini, hasa nyakati za mawazo mengi. Nasi tunajua mawazo tuliyo nayo katika mji huu.

Hapo makosa mawili hutokea. La kwanza, mtu anadhani ni sikio, anamwaga mafuta au dawa ndani ya sikio zima. La pili ni baya zaidi: anadhani ni jino, anakwenda kung'olewa jino lisilo na ugonjwa. Maumivu yanabaki, na jino limekwenda. Kabla ya kukubali jino litolewe, omba muganga wa meno akuonyeshe lililooza ni lipi, na umwambie pia kwamba maumivu yako mbele ya sikio.

Maumivu ya namna hii mara nyingi hupona nyumbani. Kwa majuma mawili au matatu kula vyakula laini: uji wa sosoma, bugali laini na sombe iliyoiva vizuri, maharagi yaliyopondwa, avoka, ndizi, sambaza iliyochemshwa. Acha kwanza muwa, karanga ngumu, muhindi wa kuchoma na ubani wa kutafuna. Acha kukata uzi kwa meno, ninyi washonaji, na kufungua chupa kwa meno, ninyi mnaojijua. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kamua, weka shavuni kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Parasetamoli inaweza kusaidia, kwa kipimo kilichoandikwa.

Kuna na zoezi dogo lisilo na bei. Mchana, kila unapokumbuka, jiulize: meno yangu yanagusana? Taya lililopumzika linakaa hivi: midomo imefungwa, meno yameachana kidogo, ulimi umepumzika juu nyuma ya meno ya mbele. Meno yanapaswa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Ukijikuta umeyakaza, yaachilie na uvute pumzi.

Kama majuma matatu yamepita na maumivu hayapungui, au mdomo unaanza kufunguka kidogo kidogo kuliko zamani, nenda ukaonwe.

Mdomo ukikataa kufunga

Sasa mnaelewa kilichompata mwenzetu. Kwa ule mwayo, vichwa vya taya viliteleza mbele kama kawaida, lakini vikapita kilima na kuangukia upande wa pili. Misuli ikakaza, ikavibana huko huko. Si sumu, si wivu wa mtu. Ugonjwa huu unajulikana tangu kale: Hippocrates, muganga wa Wagiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, anatajwa kuwa alieleza jinsi ya kulirudisha taya kwa mikono, na njia ya leo bado inafanana na ile.

Huweza kutokea kwa mwayo, kwa kicheko kikubwa, kwa kutapika, kwa kung'olewa jino mdomo ukiwa wazi muda mrefu, au kwa kuuma kitu kikubwa. Likitoka upande mmoja tu, kidevu kinapinda kuelekea upande ule mzima.

Fanya hivi: mkalishe mgonjwa, mpe kitambaa cha mate, mtulize, mpeleke kituo cha afya saa ile ile. Taya lililokaa nje saa chache hurudi kwa urahisi kuliko lililokaa siku nyingi, kwa maana misuli inazidi kukaza. Usimpige kofi. Usimfunge kikwembe kwa nguvu. Usijaribu wewe kuingiza vidole: asiyejua anaweza kuvunja mfupa, na meno yakifunga ghafla yatamkata vidole. Usimpe chakula wala maji, asije akapaliwa.

Likisharudi, mgonjwa ale vyakula laini kwa majuma mawili au matatu, na akisikia mwayo unakuja aweke ngumi chini ya kidevu ili mdomo usifunguke sana. Mwenzetu sasa anapiga mwayo hivyo, na sisi wote tumeanza kumwiga.

Kuna na taya linalopinda au kukaza ghafla baada ya dawa. Dawa moja ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kwa watu wengine hukaza misuli ya taya, ulimi na shingo. Wasichana na vijana ndio hupatwa zaidi. Familia inadhani ni pepo. Rudi mlikopewa dawa na uonyeshe dawa yenyewe: kuna sindano ya kuilegeza.

Mdomo ukikataa kufunguka: mambo ya kukimbiza

Mdomo ulio wazi unatutisha kwa sababu unaonekana. Mdomo usiofunguka haupigi kelele, na huo ndio tunaouchelewesha.

La kwanza ni pepopunda, yaani tetanosi. Mtu alikanyaga msumari au alijikata kwa jembe, pengine kidonda kilishapona. Siku chache au majuma mawili baadaye taya linaanza kukaza, hawezi kutafuna, kisha shingo na mgongo vinakuwa vigumu. Kwa mtoto mchanga dalili ni hii: alinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kuanzia siku ya tatu hivi anashindwa kufungua mdomo anyonye, na mwili unakakamaa akiguswa. Usingoje asubuhi. Pepopunda huua, na mtoto mchanga zaidi. Kinga yake ipo: sindano za mama wakati wa CPN, wembe safi na mpya wa kukata kitovu, kutopaka kitovu udongo wala kinyesi cha ng'ombe, na chanjo za mtoto za juma la 6, la 10 na la 14.

La pili ni jino lililooza au gego la mwisho linaloota vibaya. Shavu au shingo imevimba, kuna homa, mdomo haufunguki, kumeza kunauma. Hapo ni siku ile ile hospitali, kwa sababu uvimbe unaweza kushuka na kuziba pumzi.

La tatu ni kidonda cha ufizi kinachonuka kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula shavu kwa siku chache. Ukishikwa mapema dawa zinautuliza. Ukiachwa, wanaopona hubaki na makovu yanayofunga taya.

Mtoto wa chukudu

La nne ndilo la yule mama aliyetujia. Mtoto wake wa kiume ana miaka saba. Miaka miwili iliyopita alipanda chukudu ya kaka zake kwenye mteremko, akaanguka, kidevu kikapiga mawe meusi ya volkano ambayo sote tunayajua. Ngozi ya kidevu ilipasuka. Ilishonwa, ikapona, ikabaki kovu dogo. Kila mtu alisema ana bahati.

Lakini kidevu hakipokei pigo peke yake. Nguvu ya pigo inapita ndani ya mfupa wa taya, inapanda kulia na kushoto hadi kwenye vile viungo viwili mbele ya masikio. Kwa mtoto, kichwa cha taya bado ni laini na kina damu nyingi. Kikipasuka humo ndani, damu inakaa kwenye kiungo. Na mtoto, kwa sababu anaumia, anakataa kufungua mdomo. Mfupa usiotembea na wenye jeraha unaweza kushikana na mfupa wa kichwa, miezi kwa miezi, bila homa wala kilio. Jambo hilo hilo laweza kutokea kwa usaha wa sikio ulioachwa muda mrefu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza mtoto alikataa muhindi. Halafu akakataa nyama, halafu bugali. Leo hata kidole chake kimoja hakipiti kati ya meno. Anafyonza uji kupitia pengo la jino. Usiku anakoroma sana, meno yameoza kwa sababu mswaki hauingii, na kidevu kimebaki kidogo, kwa maana kichwa cha taya kinasaidia pia taya kukua.

Sasa tuseme ukweli wetu. Mama huyu alitueleza, zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kwamba mtoto anasumbua kula. Tulimjibu nini? Kwamba amemdekeza. Kwamba amwache na njaa atakula. Mmoja wetu alimshauri ampige kidogo. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mtoto: "Fungua mdomo tuone." Mtoto alikuwa anapigwa kwa kosa la kuwa na mdomo usiofunguka. Mama amelia mbele yetu, nasi tumemwomba radhi. Tunamwomba tena hapa, mbele ya wasomaji wote.

Muganga aliyemwona amesema yanahitajika mambo mawili: upasuaji wa kutenganisha mifupa iliyoshikana, na baada yake mazoezi ya kufungua mdomo kila siku kwa miezi mingi, hata kama yanauma, la sivyo itashikana tena. Sanduku letu jekundu limefunguliwa kwa ajili ya safari na vipimo. Wanaotaka kuongeza kitu wanajua mhazini anapokaa. Na zamu ya mazoezi tumeigawa, ili mama asibaki peke yake na kilio cha mtoto kila asubuhi.

Vidole vitatu

Mtoto akiangukia kidevu, hata kama ni ngozi tu iliyopasuka, mwambie muuguzi: "Ameangukia kidevu, tafadhali angalia na taya." Angalia mwenyewe: anaumwa mbele ya sikio? Damu imetoka sikioni? Akifungua mdomo, kidevu kinakwenda upande? Meno yanakutana kama zamani? Dalili moja inatosha kumpeleka kwenye hospitali yenye muganga wa meno au wa upasuaji. Wakati huo huo ale laini, lakini asiache kabisa kufungua mdomo, isipokuwa muganga amekataza.

Kisha mpime. Mtoto ainue vidole vyake mwenyewe vitatu, kile cha shahada na viwili vinavyofuata, avisimamishe kimoja juu ya kingine, aviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Taya zima linapitisha vitatu, au karibu. Vikipita viwili tu, au kama juma hili vimepita vitatu na mwezi ujao viwili, usingoje kimoja. Aliyeanguka apimwe kila juma mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi kwa mwaka mzima na zaidi.

Kazi ya juma hili basi ni hiyo. Jumapili baada ya chakula, kusanyeni watoto, wajukuu na baba yao, kila mmoja apime vidole vitatu vyake. Watacheka, na ni vizuri wacheke. Lakini wewe mama tazama yule asiyecheka, na yule anayechagua chakula laini kila siku. Kabla ya kusema ana maringo, mwambie afungue mdomo.

Kamati itapokea majibu yenu kwenye mkutano ujao. Juma lijalo tutazungumza juu ya usaha wa masikio ya watoto, kwa kuwa wengi wameuliza. Hadi hapo, kaeni na amani, midomo imefungwa na meno yameachana.